Lala chini, mama: siku kumi Uganda na wakunga wenzangu

Nianze na aibu yangu, mengine yatafuata.

Siku yetu ya pili Kampala tuko wodi ya wazazi, hospitali siitaji, vitanda vimejaa na pembeni kuna godoro limetandikwa chini. Akaingia binti uchungu umeshika kweli kweli, anazunguka tu hataki kutulia, na mimi nimezoea leba miaka 16 mdomo ukatangulia kabla ya akili, nikamwambia kwa sauti ile ile ninayotumia kazini Mwanza, "Lala, lala chini mama, lala chini nikuangalie." Binti mwenyewe wala, hakunielewa. Aliyeelewa ni bibi yake aliyesimama mlangoni na chupa ya chai. Chupa ikadondoka, chai ikamwagika yote, na yule bibi akachuchumaa ukutani mikono kichwani macho kayafumba. Mimi nesi si nesi nikawaza huyu sukari imeshuka, nikamkimbilia, ndo nikaharibu zaidi maana kila nikisema "bibi pole, bibi una nini" yeye anazidi kujikunyata.

Mwenyeji wetu ndo akaja kumwinua. Huyu jina lake silisemi, wote pale wanamwita Nnalongo kwa sababu kazaa mapacha, kwa Waganda mama akizaa mapacha jina la zamani ni kama linakufa, anakuwa Nnalongo na mumewe Ssalongo mpaka kaburini. Mkunga mkuu, amebakiza miaka miwili astaafu, sauti ndogo lakini wodi nzima inamsikia. Akaongea na bibi Kiganda taratibu, akamkalisha, akatuma chai nyingine, afu akanisogelea akaniambia kwa Kiswahili chake cha Busia, maana alifanya kazi mpakani kule miaka saba, "Leo usiongee Kiswahili kwa nguvu humu ndani. Nitakwambia, lakini si hapa."

Akanyamaza siku nne.

Safari yenyewe ilikuwa ya kubadilishana uzoefu, wakunga 12 wanawake watupu kutoka kanda ya ziwa, siku kumi, asubuhi mko hospitali na mchana mnatembezwa sehemu za kihistoria. Wenzangu wengi hizo sehemu za kihistoria waliziona ni za kupigia picha, na siwalaumu, ukishatoka shifti miguu imevimba nani anataka kusikia habari za wafalme. Mimi nilikuwa na langu. Baba mdogo wangu alipigana Vita vya Kagera. Alikuwa kijana wa miaka 21, mgambo, akachukuliwa Korogwe mwishoni mwa 1978 baada ya jeshi la Amin kuvamia Kagera, na Kampala aliifikia, sehemu kubwa kwa miguu. Akarudi na redio kaseti ya rangi ya fedha. Sisi tumekua na ile redio jamani, taarabu tumeisikia humo, mpira humo, vifo humo, na ukimuuliza baba mdogo umeitoa wapi anakujibu "Uganda hiyo," halafu anatoka nje kuangalia kuku.

Kwa hiyo basi letu lilipopita Kyaka mimi nilisimama kabisa kuangalia daraja, lile la zamani wanajeshi wa Amin walililipua Novemba 1978. Mutukula mpakani mihuri, Masaka mvua, ikweta pale Kayabwe kila mtu kapiga picha mguu mmoja kaskazini mmoja kusini, mimi pia, sitajifanya.

Makumbusho ya taifa nitayapita haraka kwa sababu siku hiyo nilikuwa na njaa. Yapo Kitante, yalianza 1908 na ndo ya zamani kuliko yote Afrika Mashariki, nimekumbuka ngoma na mitumbwi na roleksi niliyokula getini, ile chapati inayoviringishiwa mayai, mbili.

Kasubi ndo ilinikamata. Hapo ni makaburi ya Makabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda, kwenye kilima, na nyumba kuu wanaiita Muzibu Azaala Mpanga, ya nyasi, mviringo, kubwa kiasi kwamba ukisimama chini yake unajiona kuku. Muteesa wa Kwanza aliijenga 1882 iwe kasri lake, akafa 1884 akazikwa humo humo, wakafuata Mwanga aliyefia uhamishoni Seychelles 1903, Daudi Chwa, na Muteesa wa Pili aliyefia London 1969. Iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, mpaka leo watu wanabishana nani alichoma, ikajengwa upya miaka na miaka na UNESCO wakaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2023 tu hapa. Mwongozaji akatuonyesha pete za matete kwenye dari la kienyeji, 52, kila pete na ukoo wake, na kuezeka ni kazi ya ukoo mmoja tu, wa Ngeye, yule mbega.

Afu akasema wakati wa kuezeka mwanamke haruhusiwi kuingia. Kwa nini? Akazunguka zunguka, mara ooh mila, mara ooh miiko, Nnalongo akamkatiza, "Sema tu ni damu ya mwezi, hawa ni wakunga." Tulicheka mpaka yule kijana akacheka. Na palepale uwanjani pembeni kuna vibanda ambamo wanakaa akina mama wa koo zilizowaozesha Makabaka, wanapokezana zamu, ndo wanaolinda makaburi, ndo wanaosuka mikeka, ndo wanaojua nani kalala wapi. Yaani nyumba isijengwe mbele ya mwanamke lakini ikishajengwa haiwezi kukaa siku moja bila mwanamke. Mwenzetu mmoja wa Geita akasema hiyo ni kama kwetu kabisa, mume anajenga mke anaambiwa usikanyage saruji mbichi.

Jambo lingine nililoondoka nalo pale ni la Namasole, mama wa Kabaka. Huyu hakuwa mama wa kuletewa vitenge sikukuu basi. Alikuwa na kasri lake, ardhi yake na machifu wake mwenyewe, na hakutakiwa kukaa kilima kimoja na mwanae, lazima kati yao upite mto unaotiririka. Na watoto wa Kabaka walifuata ukoo wa mama zao, ndo maana kila ukoo ulitaka kupeleka binti ikulu, angalau kila ukoo uwe na tumaini la kuzaa mfalme. Nikawaza mama mkwe wangu na mimi tungepewa huo mto miaka ile ya mwanzo tungeokoa maneno mengi sana.

Makerere tulipelekwa jua kali. Jengo kuu lile jeupe liliungua Septemba 2020 na limeshajengwa tena, zuri, lakini kilichonikaa ni kingine. Chuo kilianza 1922 kwa wanafunzi wa kiume tu na kaulimbiu yao ya mwanzo ilikuwa, msicheke, Tuwe Wanaume. Wasichana wa kwanza waliingia 1945, sita. Ndo ikabidi kaulimbiu ibadilishwe, wakaweka Tunajenga kwa ajili ya baadaye. Tukiwa nje ya bweni la Mary Stuart, la wasichana, Nnalongo akatusimulia habari za Sarah Nyendwoha, binti wa Hoima, alitaka kusoma hesabu na mwalimu akagoma kufundisha darasa lenye mwanamke, akahamia historia, akaenda zake Oxford akamaliza 1954, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuwa na digrii. Karudi nyumbani afundishe, wakampangia mshahara mdogo kuliko wanaume wenye elimu yake. Unajua alifanyaje? Aliukataa mshahara. Akafundisha bure, kila siku anaingia darasani bure, mpaka serikali ikaona haya.

Hapo mjadala ukawaka. Nusu yetu wanapiga vigelegele, nusu tunajiangalia. Mimi nilisema wazi nisingeweza, nina ada za watoto watatu, mimi posho ikichelewa siku mbili nakosa usingizi sembuse kuikataa. Nnalongo akasema ndo maana tunamkumbuka yeye hatukukumbuki wewe. Sikukasirika, au nilikasirika kidogo. Halafu dada mmoja Mchaga wa Machame akauliza, huyu si ndo mke wa Ntiro? Kumbe ndiyo, aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji wetu wa Tanganyika aliyekuja kuwa balozi wetu wa kwanza London. Basi tukamfanya wifi yetu, picha zikapigwa upya.

Hospitali ya Mengo tulikwenda kwa sababu ya kazi zaidi kuliko historia, maana pale ndo mke wa daktari Albert Cook, Katharine, nesi aliyefika 1897, alianzisha mafunzo ya wakunga wa Kiganda miaka kama mia moja iliyopita. Mimi naheshimu, nimesomea kwenye mstari huo huo wa aproni nyeupe. Ila tulipokaa kivulini Nnalongo, ambaye mama yake mzazi ni Mnyoro, akasema msiondoke na wazo kwamba kabla ya huyu mama hapakuwa na kitu. Akatupa kisa ambacho wengine walikuwa wanakijua nusu nusu kutoka darasani. Mwaka 1879 mmisionari mmoja Mwingereza aliyekuwa anasomea udaktari, Felkin, alikuwa Bunyoro sehemu inaitwa Kahura, akashuhudia mganga wa kienyeji anampasua mama mjamzito. Binti wa miaka kama ishirini, mimba ya kwanza. Wakamlewesha kwa pombe ya ndizi, mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo na tumbo la mama akaliosha, akapasua, mwenzake anazuia damu kwa chuma cha moto, mtoto akatolewa, kisha ngozi ikabanwa kwa pini za chuma saba na kufungwa kwa uzi wa gome la mti. Siku chache pini zote zimetoka, siku ya 11 kidonda kimepona, mama mzima, mtoto mzima. Felkin aliandika haya kwenye jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884, wakati huko kwao Ulaya upasuaji huo bado ulikuwa unaua akina mama wengi mno.

Wakunga 12 kimya. Halafu kelele. "Mfuko wa uzazi hakushona?" Hakushona. "Haiwezekani." Imeandikwa. "Na kondo?" Alilitoa kwa mkono. "Sasa mimba inayofuata si ingepasuka?" Hilo hata mimi nililiuliza na hakuna aliyekuwa na jibu. Kilichonigusa ni ile kunawa. Mimi nina wanafunzi kazini kwangu nawakumbusha kunawa mara tano kwa shifti, mganga wa Bunyoro hana maji ya bomba hana mtu wa kumsimamia ananawa kwa pombe ya ndizi. Nimewasimulia tangu nirudi. Wananawa sasa, sijui ni kwa kuelewa au kwa kunichoka.

Siku ya sita ndo Nnalongo akasema leo Lubiri.

Lubiri ni kasri la Kabaka, Mengo, liko mwisho wa barabara iliyonyooka kutoka Bulange ambako ndo bunge la Buganda. Njiani kuna mzunguko una njia ya kupita katikati moja kwa moja, hiyo ni ya Kabaka peke yake, nyie wengine mnazunguka. Tarehe 24 Mei 1966 Rais Obote alituma jeshi hapo, kamanda akiwa Idi Amin, Kabaka akatoroka na kasri likawa kambi ya wanajeshi. Nnalongo kazaliwa mwaka huo huo. Anasema mama yake alikuwa anahesabu umri wake kwa "tangu Lubiri."

Chini ya kilima, nyuma, kuna handaki. Linasemwa lilijengwa liwe ghala la silaha wakati wa Amin, likageuzwa mahali pa kutesea watu. Unaingia kwenye korido ya zege ina vyumba vitatu vinne upande mmoja, na sakafu ya mbele iko chini ina maji, wanakwambia yale maji yalipitishwa umeme ili asitoke mtu. Ukutani kuna alama za viganja. Mimi sikuingia mpaka mwisho. Kuna mwenzetu alitoka analia, mwingine alikuwa anapiga picha na nilimpokonya simu, tumeshasuluhishwa.

Tulikaa nje kwenye majani, wengine wakaenda kununua maji, tukabaki wawili. Hapo ndo akanisemesha. Akasema, "Yule jjajja wa chai anatoka Luweero lakini zamani alikaa hapa Mengo. Unajua sisi Kiswahili tulikijua wapi? Rodibloku, vile vizuizi vya askari barabarani. Maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili ni matatu. Simama. Leta. Lala chini."

Mnaelewa nilivyojisikia? Mimi Kiswahili ni lugha niliyobembelezewa. Ndo niliyotongozewa, ndo ninayoombea. Sikuwahi hata siku moja kufikiria kwamba kuna mama mahali akikisikia anafunika kichwa. Nnalongo akasema kwao ukisikia Kiswahili usiku ulijua ni mwizi au askari na mara nyingine ni mtu mmoja, akacheka, mimi sikuweza. Na cha ajabu Kiswahili hakikuja Buganda na bunduki za Amin, kilikuja na misafara ya wafanyabiashara kutoka Unguja enzi za Kabaka Suuna miaka ya 1840, na Muteesa wa Kwanza mwenyewe alikizungumza vizuri tu, kilikuwa lugha ya ikulu. Halafu Waingereza wakakifanya cha kambini, na Amin mwaka 1973 akakitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, sasa lugha ya amri nani ataipenda. Ndo maana hata serikali yao iliposema 2022 kifundishwe mashuleni, kuna wazazi walinuna.

"Na Watanzania mlipokuja 79?" nikauliza, sauti haitoki.

Akaniambia wao waliwaita bakombozi, yaani wakombozi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Yeye ana miaka 12 kwenda 13, wamejificha nyumba ya mjomba, mlango ukagongwa, mama yake kafungua, amesimama askari mwembamba tope mpaka magotini akasema, "Shikamoo mama." Mama yake hajui shikamoo ni mnyama gani. Yeye kasikia "shika" tu. Akavua saa ya mkononi haraka haraka akampa. Yule kijana akaiangalia ile saa, akacheka, akamvalisha tena mwenyewe kwenye mkono, akaomba maji.

Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Nnalongo akaendelea, sauti ile ile, "Waliokuja wiki ya pili hawakurudisha."

Walibeba nini?

"Aa, vitu. Sitoo ya mjomba ilikuwa na nguo, baiskeli, redio."

Sikumuuliza redio ya rangi gani. Kampala nzima ilikuwa na redio, mimi najua, na baba mdogo huenda aliinunua kwa pesa yake halali, au alipewa, sijui. Lakini sikumwambia kwamba kwetu ipo moja, na siku zote zilizobaki hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa sato.

Jumapili alitupeleka kwake kula luwombo, ile nyama inayopikwa ndani ya jani la mgomba, jamani ile ni mali. Mama yake bado yupo, kapita themanini, anakaa kwenye mkeka. Nnalongo yule ninayemwona wodini anavyopanga madaktari alipiga magoti chini kabisa kumsalimia mama yake, na mimi nikapiga, nikatoa Kiganda nilichofundishwa, "Osiibye otya nnyabo." Bibi akajibu, akauliza mimi mtu wa wapi. Akaambiwa Tanzania. Akanitazama weee, akanyoosha mkono wa kushoto mtupu hauna saa, akasema kwa nguvu, "Shikamoo!"

Sasa unafanyaje? Mama wa miaka 80 na kitu akupe shikamoo uitikie marahaba? Siwezi. Nikamrudishia shikamoo. Yeye naye akarudisha. Tukawa tunapeana shikamoo kama watoto mpaka jani la luwombo likafunguliwa.

Yule bibi wa chupa ya chai nilimtafuta kabla ya kuondoka. Mjukuu alishajifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nukta mbili. Nilimnunulia chupa nyingine, nikampa bila kufungua mdomo, maana kwa kweli niliogopa mdomo wangu mwenyewe, akaipokea kwa mikono miwili. Kule mama akijifungua wanamshukuru kwa kunusurika, na mimi nilijifunza hayo maneno kwa Kiganda pamoja na "sindika," sukuma, hilo nilitumia siku mbili za mwisho mpaka wenyeji wakaniita mama Sindika.

Tukarudi njia ile ile. Masaka basi likasimama dakika ishirini, mji huu askari wetu waliubomoa vibaya Februari 1979, kulipiza ya Kagera, haya nyumbani hatuyasimulii sana, sisi tunasimulia Kyaka. Nikanunua kahawa na kitambaa cha lubugo, lile gome la mutuba wanalolipondaponda mpaka linakuwa nguo. Nikapiga picha ya barabara kuu na mvua yake, nikaituma kwenye simu ya mjukuu wa baba mdogo.

Usiku tuko Bukoba akapiga mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hapo ni Masaka."

"Ndiyo baba."

Kimya. Nasikia kuku kwa mbali, au pengine redio, sikumbuki.

"Wanaongea na wewe vizuri?"

"Vizuri sana."

"Kiswahili?"

"Wengine. Taratibu."

Akakohoa. Akaniuliza nimerudi na nini, nikamwambia kahawa kilo mbili na kitambaa cha gome la mti cha kuweka mezani.

"Ulinunua?"

"Nilinunua baba."

"Haya," akasema.